Neno "take" kwenye karatasi ya Joseph

Malangali, Jumanne

...na bado simwamini. Joseph, mtoto wa marehemu dada yangu, kaja mchana na karatasi ya Kiingereza, ya kiwanja hiki tunachokaa. Anataka niweke sahihi.

Nikamsimamisha kwenye neno "take". Nikafungua kamusi ya binti yangu: kuchukua, kupeleka, kunywa dawa, kupanda basi, kupiga picha, ukurasa mzima! Neno lenye kazi nyingi hivyo mimi silikabidhi hata kuku.

"Mjomba, hapa ni kupeleka tu. Napeleka hati yako ofisini ikakaguliwe."

"Vizuri, baba. Sasa mweleze mke wangu kwa Kifipa."

Mke wangu akaacha kupepeta ulezi, akamkazia macho. Joseph akaanza vizuri, kiwanja, hati, halafu akakwama. Akajikuna shingo. Akasema ataleta karatasi ya Kiswahili.

"Umemeza mfupa?" nikamuuliza. Mke wangu akacheka mpaka ulezi ukamwagika. Joseph hakucheka.

Kinachonikera ni kwamba sijui. Amekulia Dar, pengine Kifipa chake kimemwishia tu. Au kuna mambo ambayo mtu hawezi kuyatamka kwa lugha ya mama yake... Sina mtoto wa kiume. Huyu ndiye niliyemtegemea anizike.

Hati nimeitoa sandukuni, nimeificha kwingine. Mke wangu kauliza ni wapi. Nimemwambia aniulize kwa Kiingereza.