Ile Santuri ya Wabrazili

Shemeji Sydney,

Hapa Kisian mvua imeanza na mahindi yameota. Ile santuri ya roki ya Wabrazili uliyomtumia ndugu yako Oyugi, sasa kijiji kizima kimeisikia. Mchungaji anasema ni mapepo. Jirani yangu Selpha anasema gitaa zinampa kizunguzungu, ila ngoma ni tamu. Jirani mwingine, Waliaula, aliomba irudiwe.

Tuliipiga siku mwili wa Oyugi ulipoletwa nyumbani, kwa sababu ndiyo aliyoipenda. Simu yako, kama kawaida, haikupatikana.

Baba yenu, aliyekuwa akimgombeza kila jioni aipunguze sauti, alisimama kando ya jeneza akasema, "Ongezeni sauti. Huyu hajawahi kulala hii ikipigwa."

Tukaongeza mpaka mwisho.

Ni mimi, Achola, mke wa Oyugi.