Usukani Hadi Likoni

Jumatano, 8 Agosti 1956. Maramba

Leo tena, saa kumi na mbili asubuhi, katikati ya mistari ya mkonge. Mimi kwenye usukani, Yohana pembeni. Gia ya pili bado inalia nikikosea klachi. Yohana hacheki. Mume mwema.

Wanafunzi wangu wamefunga shule. Jumamosi tunakwenda Mombasa kwa gari letu wenyewe, dogo, la kijani, tulilouziwa na meneja wa shamba aliyerudi kwao Ulaya. Siku kumi nzima. Sijawahi kuvuka mpaka.

Mama mkwe ameshuka jana kutoka Lushoto, tunakwenda naye. Hajui kwamba najifunza. Mwaka jana Yohana alimgusia tu, akasema mwanamke akimwendesha mumewe amemgeuza gunia. Basi tumemwambia kwamba ni Yohana analijaribu gari.

Ijumaa, 10 Agosti

Nimefaulu. Tanga, saa nne asubuhi. Mkaguzi alinirudisha nyuma kwenye kilima mara tatu, akatia sahihi. Nimeificha leseni ndani ya Biblia.

Nilitaka kupiga vigelegele barabarani. Badala yake nimekaanga maandazi ya safari. Mama mkwe kauliza kwa nini nauchekea unga. Nikamjibu ni hamu ya Mombasa. Nusu ya kweli.

Tumekubaliana Yohana aendeshe njia yote, kwa amani ya nyumba. Nimekubali. Imeniuma.

Jumamosi, 11 Agosti. Horohoro, asubuhi

Tumefika mpakani. Naandika juu ya goti. Askari anaandika majina yetu kitabuni, polepole, kama mtoto wa darasa langu. Mbele yake gogo limelazwa barabarani. Ng'ambo ya gogo ni Kenya. Vumbi lile lile, vichaka vile vile, na moyo unanidunda. Mama mkwe kauliza kama kule nako wanakula ugali.

Gogo limeinuliwa.

Jumamosi, jioni. Mombasa

Niandike kabla sijasahau.

Tulipita Lungalunga tukiimba. Mbele kidogo tairi la nyuma likapasuka. Yohana akapiga jeki, akavua gurudumu. Ardhi ilikuwa mchanga. Jeki ikateleza, gari likaketi juu ya mkono wake wa kushoto. Sauti aliyoitoa sitaki kuiandika. Mimi na mama mkwe tulilinyanyua gari, sijui kwa nguvu gani. Vidole viwili vimepondeka. Mama mkwe alivua kilemba chake akakichana, akamfunga bila kulia. Nikapiga jeki upya juu ya jiwe, nikavisha tairi la akiba, nikakaza nati mwenyewe.

Mkono wa kushoto ndio wa gia. Yohana hawezi.

Mama mkwe akasema tungoje lori. Tukangoja. Jua likapanda. Lori lililopita lilikuwa moja tu, linarudi tulikotoka, na limejaa watu mpaka juu. Mkono wa Yohana ukavimba, uso ukawa wa majivu. Nikaogopa kweli.

"Mama," nikasema, "mimi nina leseni."

Hakunitazama mimi. Alimtazama mwanawe. Yohana akamwambia ni kweli, na kwamba naendesha vizuri. Mama mkwe akapanda gari, akajifunika uso kwa kitenge, akaanza kusali Kishambaa.

Nikaendesha. Msambweni, minazi, madaraja ya mbao, mbuzi. Mwanzoni nilishika usukani kama mtu anayezama. Baada ya Msambweni nikasahau kuogopa. Aibu kuandika haya, mume wangu anaugulia pembeni yangu: nilifurahi. Nilifurahi mno.

Likoni ndipo kazi ilipokuwa. Barabara inateremka moja kwa moja hadi majini, na feri imelaza ulimi wake wa chuma pale chini. Nyuma yangu malori mawili. Mtu wa feri akaja dirishani, akaniona, akacheka. Akauliza dereva yuko wapi, aje alishushe gari, mwanamke ataliogesha baharini. Watu wakasogea kutazama. Yohana akafungua mlango, anataka kujaribu kwa mkono mmoja.

Mama mkwe akafunua uso. Akatoa kichwa nje.

"Dereva wetu ndiye huyu," akasema. "Mpishe."

Yule mtu akapisha.

Breki, gia ya kwanza, taratibu, taratibu. Chuma kikagonga chini ya magurudumu. Tumo. Nikazima injini. Mama mkwe alitazama maji mpaka ng'ambo.

Hospitali wamemshona Yohana. Vidole vitapona, kimoja labda hakitakunjika tena. Amelala sasa. Tumefikia nyumba ya wageni ya misheni.

Jumapili, 12 Agosti

Yohana kala uji wote. Maumivu yamepungua.

Niliamka mapema kwenda kulifuta gari vumbi. Mama mkwe alikuwa amenitangulia. Amekaa mahali pa dereva, peke yake, mlango umefungwa. Mikono yote miwili juu ya usukani. Anatazama ukuta wa mbele.

Sikumwamkia. Nikarudi ndani polepole, nikasubiri chai.