Nilikohoa, Hukujibu

Mpendwa mume wangu mdogo,

Watakaosomewa barua hii watacheka kwanza. Wacha wacheke. Bibi na mjukuu ni mke na mume, huo utani tuliukuta, na wewe Lameki ulipewa jina la babu yako ili nisikose mtu wa kugombana naye. Mimi kalamu sijui inashikwaje. Anayeniandikia ni Salumu, yule utingo wa Tanga mliyekuwa mnalala naye gunia kwa gunia. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambe.

Unakumbuka kule kijijini kwetu Ramadhani, asubuhi za sakitu, majani ya viazi yameungua kwa baridi na wewe hutaki kunawa uso? Nakuambia, "Mume gani ananuka usingizi?" Unanijibu, "Mke gani hachemshi maji?" Ulikuwa na miaka mitano, mdomo wa mtu wa arobaini. Nilikuwa nageuka upande wa jiko ili usinione ninavyocheka.

Babu yako alipofariki tukashuka Makambako, kwenye nyumba aliyoijenga karibu na maegesho ya malori, yenye ghala la mahindi nyuma. Ushirika ukaacha kununua mahindi, ghala likabaki la panya. Ndipo watu wakaanza kuja. Waliopunguzwa kazini, utingo walioachwa na magari yao, mwanamke mmoja aliyefukuzwa na mwanawe. Baridi ya Makambako haimwachi mtu alale barazani, na mimi sikuwa na moyo wa kuwapa panya nafasi kubwa kuliko watu. Wakawa wanalala ghalani, tunapika ugali sufuria moja.

Ulikuwa wakati wa ruksa, biashara zimefunguliwa, kila kitu kikaingia. Redio, mitumba, malori ya nchi ambazo majina yake nayasahau. Na unga, ule wa kulevya, ukaingia humo humo, bila kupiga hodi.

Nikaweka sheria: nikikukuta na unga, unatoka na gunia lako, hata kama mvua inanyesha. Wewe mwenyewe ndiye uliyeniandikia kwa mkaa kwenye mlango wa ghala, herufi kubwa. Nilijiona mkali wa haki. Sikujua mkono uliokuwa unaandika tayari ulikuwa umeshaugusa.

Nilipojua, nilikupiga kwa mwiko. Halafu nikakupakia gari nikakupeleka Makete kwa mdogo wangu, ukalime viazi kwenye ubaridi wa Kitulo mpaka huo unga uuchukie. Miezi mitano. Ukarudi umenenepa, mashavu mekundu kama ya Wakinga. Nikachinja jogoo. Nikakusimamisha kanisani mbele ya watu, nikasema mimi, wala si wewe, "Amepona." Ukatazama viatu vyako. Mume wangu, lile neno nililisema mimi na mzigo nikakutwika wewe. Mtu ambaye kanisa zima limeshampigia makofi, akiteleza atamwambia nani?

Ile Jumamosi nakumbuka hata viazi nilivyokuwa namenya. Ulipita kwenda chooni, umevaa sweta la bluu. Baadaye nikaja mlangoni, nikakohoa kama watu wenye adabu wanavyokohoa wakitaka kujua kama kuna mtu. Ukanijibu kwa kikohozi chako kile cha maringo. Nikarudi kwenye viazi vyangu.

Nikaja mara ya pili. Nikakohoa. Kimya. Nikasema, "Mume wangu, umehamia humo?" Kimya. Nikadhani umeninunia, maana asubuhi nilikuwa nimekusema kwa kuchelewa kuamka. Na bibi hasukumi mlango wa choo alimo mjukuu wake wa kiume mwenye ndevu. Ni aibu, ni mwiko. Nikaondoka na adabu zangu.

Mara ya tatu tulivunja komeo.

Jirani akaja mbio na maziwa, dawa ya sumu tuliyorithi wote, tukakumiminia mdomoni, wewe huna fahamu hata ya kumeza. Mganga wa zahanati ndiye aliyenieleza baadaye, taratibu, kama mtu anayetoa mwiba. Kwamba miezi mitano mwili wako ulikuwa umeusahau unga, nawe ukarudia kipimo kile kile cha zamani. Kwamba maziwa humpalia mtu aliyezimia. Kwamba pale kimya kilipoanza, pengine ulikuwa unahitaji tu mtu wa kukupulizia pumzi mpaka yeye afike. Mtu huyo ni mimi, nilikuwepo, hatua tatu, nakohoa.

Salumu, hapa usiruke. Andika.

Nilimwita Salumu nikamuuliza, "Ulijua?"

"Nilijua, bibi. Nilimwona ameingia nao."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungeniuliza nimeujuaje. Ningelala wapi?"

Mume wangu, nilimchukia mwezi mzima. Nilimpikia huku namchukia. Halafu siku moja nafagia, nikayaona yale maandishi ya mkaa mlangoni. Sijui kusoma, lakini siku hiyo niliyasoma. Sheria yangu haikuuzuia unga. Ilizuia watu kuniita.

Nikachukua kitambaa cha maji nikayafuta. Komeo la choo sikulirudisha. Mlango unafungika, ila kwa ndani haukomewi. Nikawaambia wote, na wewe unanijua ninavyosema: "Unga siupendi na sitaupenda. Lakini nyinyi nawataka mkiwa mnapumua. Asiye na nguvu ya kuacha leo, asijifiche. Asiwe peke yake. Asichanganye na gongo. Aliyetoka rumande, hospitali au kwa shangazi yake, ajue mwili wake umekuwa mgeni. Na nikikohoa, jibu. Nikikohoa mara ya pili kimya, naingia, na kama uko uchi shauri yako, nimezaa saba."

Mganga akaja kutufundisha: mlaze ubavu, inua kidevu, mpulizie, mwingine akimbie kuniita. Akaahidi hatakuja na polisi, na hajawahi kuja nao.

Mzee wa kanisa naye akaja. "Mama, unawafuga hawa." Nikamwambia, "Niliyemkataza nimeshamzika. Wewe umeleta blanketi au umeleta maneno?" Akaondoka amevimba. Juma lililofuata akaleta mablanketi mawili, akayaweka mlangoni, akaenda zake. Nilimpenda siku hiyo.

Salumu alikamatwa, akatoka rumande msimu wa mvua. Akaja jikoni, akanipa salamu yetu ya huku, "Kamwene, bibi," kwa ule ulimi wake wa pwani, halafu akainama. "Bibi, leo nimeshindwa." Nikataka kumpiga mwiko. Nikamwambia, "Kaa karibu basi, nikuone." Akaona haya, akaenda chooni. Nikakohoa, akajibu. Nikakohoa tena, kimya. Mume wangu, safari hii sikuwa na adabu hata ya kijiko. Nikasukuma. Midomo imekuwa ya kijivu. Nikamlaza, nikainua kidevu, nikaweka mdomo wangu juu ya mdomo wake, mjane wa Kilutheri na Mwislamu wa Tanga, nikampulizia mpaka magoti yakafa ganzi na mganga akafika. Alipofumbua macho alisema, "Bibi, umekula vitunguu."

Mpaka leo ananitania kwamba tumeshaoana. Namwambia nina mume tayari, yuko Ramadhani, amelala karibu na babu yake.

Hajaacha kabisa. Huteleza, hukaa mwezi, huteleza. Sijamsimamisha mbele ya mtu yeyote. Lakini akiteleza huja kwangu kwanza, na wewe ulikuwa huna pa kuja. Hilo ndilo ninalolifikiria nikimenya viazi. Natamani ungeniambia tu, "Mke wangu, leo nimeshindwa." Ningekupiga. Halafu ningekaa na wewe.

Nisamehe kwa jogoo, kwa neno nililosema kanisani, kwa maziwa, kwa adabu.

Bibi wengine wenye wajukuu wa namna yako wakisomewa haya, wang'oe makomeo.

Mimi mwili umeanza kuaga. Siku nikifika huko uliko, nitakohoa mlangoni kwako mara moja, kwa heshima. Ukichelewa kujibu, nasukuma.

Ni mimi, mkeo mzee,
Bibi