Mvua ya Julai na Kombe la Putra Randu

Ni mwaka sasa, Baba, tangu wachezaji wa Putra Randu walipokubeba begani kutoka nyumbani hadi makaburini, wakibishana njia nzima nani amechoka na nani anajifanya. Ungewafokea. Wengine walivaa jezi chini ya shati. Imamu aliona, akaendelea na dua.

Wasiokujua wajue kwamba jina lako lilikuwa Karsono, mtunza uwanja na mzuia mvua wa klabu kwa zaidi ya miaka thelathini. Putra Randu ilianzishwa na wafanyakazi wa kiwanda cha sukari, waliokuwa wakicheza kwenye kiwanja cha mikokoteni ya miwa, magoli ya mianzi, na mechi ikisimama kila treni ya miwa ilipotaka kupita. Uliichezea ukiwa winga wa kushoto, pekupeku. Goti lilipoharibika hukuondoka, ulishika ndoo ya chokaa. Kiwanda kilipofungwa watu wakatawanyika, na msimu mmoja klabu ilikuwa na wachezaji tisa tu. Wewe uliendelea kuchora mistari kila Ijumaa. Karibu na kona ya kaskazini mstari ulikwenda upande kidogo, na mtu akikuambia ulimjibu, "Uwanja ndio umepinda, mimi niko sawa."

Kuzuia mvua ulirithi kwa baba yako. Siku ya mechi hukula wala hukuoga mpaka filimbi ya mwisho. Ulichomeka pilipili na vitunguu vidogo kwenye njiti za ufagio, ukazisimamisha nyuma ya goli, ukakaa hapo na sigara yako ya karafuu. Mama alikuwa akisema mvua haiogopi pilipili, inakimbia harufu yako. Ulicheka kila mara kana kwamba ndiyo kwanza unasikia. Wenye harusi nao walikuita, na hakuna kibanda cha kahawa mjini kilichokubali kukutoza. Hukuwa mtu wa majivuno, lakini hilo ulilipenda, na sisi tulijua.

Halafu ikaja fainali ya Kombe la Wilaya dhidi ya Bintang Kidul ya mji wa pili. Klabu yako haikuwahi kushinda kombe lolote. Mwenyekiti wa Bintang alikuwa mzee Darmo, Pak Darmo kama tunavyomwita kwa heshima, naye ndiye baba mkwe wa binti yako Wiji, ambaye siku hizo alikuwa mjamzito. Ilikuwa Julai, na Julai kwetu hainyeshi. Hata hivyo hukula, ukachomeka pilipili zako, kwa sababu klabu ilikuomba.

Wakati wa mapumziko Putra Randu ilikuwa imefungwa mawili bila, na Yanto, mfungaji wetu, alikuwa nje kwa jeraha. Mjomba Mulyono, mwenyekiti wetu, alikufuata nyuma ya goli. Lestari, kitinda mimba wako, alikuwa amekuletea mkeka, akasikia yote.

"Shemeji, achia."

"Niachie nini?"

"Usijitie hujui. Iachie ishuke. Uwanja ukijaa maji refa anavunja mechi, tunarudia Yanto akiwa amepona."

"Kazi yangu ni kuzuia, Mulyono."

"Unamzuilia nani? Mkweo?"

"Naizuilia mechi. Nenda kawaambie vijana wako wakabe."

Aliondoka akibwata. Kipindi cha pili hakikufika mbali, mvua ikaja kutoka upande wa mlima, ikashuka kama imefunguliwa bomba. Refa alisubiri, akajaribu kudundisha mpira, ukabaki pale pale ndani ya maji. Akavunja mechi. Yanto alipona, mechi ikarudiwa, akafunga bao moja likatosha. Hilo ndilo kombe pekee la Putra Randu tangu iundwe.

Pak Darmo hakusubiri likabidhiwe. Alikuja mpaka kwenye njiti zako, watu wote wanatazama.

"Mkwe, umeniibia mchana kweupe. Kuanzia leo kwangu usikanyage."

"Sikuiachia, mkwe."

"Julai hii? Mvua ya Julai imejileta yenyewe?"

Wiji akajifungua mtoto wa kike, Sekar, na hukwenda kumwona.

Nyumbani, wakati huohuo, ulikuwa shujaa. Walichinja ng'ombe aliyekuja na kombe kama zawadi, wakakuweka mbele karibu na kombe. Kumridhisha Pak Darmo kulikuwa na njia moja, nayo ilikuwa kulivunja jina lako kwa mkono wako. Ulisimama ukaomba kipaza sauti.

"Jamani, ile mvua sikuileta. Nilikuwa naizuia. Ilinishinda."

Mtu mmoja akapiga kelele, "Mzee anajishusha huyo!" Watu wakacheka, wakashangilia.

"Sijishushi. Nimesema ilinishinda."

Safari hii hawakucheka. Mjomba Mulyono akachukua kipaza sauti, akatangaza chakula kiko tayari.

Baada ya hapo wenye harusi waliacha kukuita. Klabu ikatafuta mzuia mvua mwingine, kijana mwenye pikipiki na kadi za biashara. Kahawa ukaanza kulipia. Mistari uliendelea kuchora. Na Pak Darmo alipoambiwa ulichosema, alijibu kwamba mzuia mvua akikiri ameshindwa, ujue anaficha kubwa zaidi.

Wiji alikuwa akimleta Sekar uwanjani mara mojamoja, mnakaa nyuma ya goli, kisha wanaondoka kabla hajaulizwa yuko wapi. Kila Idi ulivaa kofia mpya, ukakaa barazani na ufunguo wa pikipiki mkononi, halafu ukautundika. Iliendelea hivyo zaidi ya miaka kumi. Hukulalamika. Tuliumia kukuona, na tunasikitika hatukukuambia.

Pak Darmo hakuja kukuzika.

Siku ya mia tangu tukuzike, siku ya kukusomea dua, iliangukia Juni. Wiji alimwambia baba mkwe wake kwamba asipokuja safari hii, yeye harudi kwake. Tulitandika mikeka uani chini ya turubai, bila kumwita mzuia mvua, maana Juni nani anahangaika? Dua ilikuwa katikati mvua iliposhuka, nzito, ikalilemea turubai mpaka wachezaji wakainuka kushika nguzo. Pak Darmo akaingia wakati huo, viatu mkononi, amelowa mwili mzima. Hakutusalimu. Alikuwa akitazama juu.

"Mkwe, ingia, unalowa," Mama akamwambia.

"Nani mmemweka kuzuia?"

"Hakuna mtu. Aliyekuwa akizuia tumeshamzika."

Akakaa palepale panapovuja. Dua ikaisha, vyakula vikagawiwa, chake hakukigusa.

"Basi hata ile ilishuka yenyewe," akasema. "Na aliniambia. Aliniambia mwenyewe."

Akalia mbele ya watu, mtu mzima yule. Mama akamsogezea chai, akakaa karibu naye.

Unakumbukwa na mkeo Sutinah. Watoto wako Wiji, Prapto na Lestari. Wajukuu zako wote, Sekar akiwa wa kwanza. Shemeji yako Mulyono, ambaye mpaka leo anasema ungeachia tu. Pamoja na vikosi vyote viwili vya Putra Randu. Anakukumbuka pia Pak Darmo wa Bintang Kidul, aliyeomba jina lake liandikwe pamoja na familia, lisiwekwe na wageni, na tuongeze maneno haya kama alivyoyatamka: "Mkwe, ulisema kweli. Mimi ndiye niliyechelewa kusikia."

Tutakukumbuka siku zote, Baba, nyumba zote mbili.