Jaji wa Neno Moja

Adelphi, Maryland,
Marekani.
Jumapili, 19 Oktoba 1997

Mpendwa Mama Mdogo Violet,

Kwa heshima zote ninazozijua, na nyingine nilizozikuta kwenye kamusi wiki hii, ninatangaza kwamba kuanzia jana saa kumi alasiri umeteuliwa kuwa Jaji Mkuu wa neno moja. Hukumu yako haikatiwi rufaa. Mshahara haupo.

Baada ya hayo, shikamoo. Goti linaendeleaje? Clement aliniandikia kwamba siku hizi unateremka hadi kanisani bila fimbo, halafu chini ya barua akaongeza kwamba fimbo imepotea, nikashindwa kujua kama nishukuru au nikutumie nyingine. Na Baba Mdogo Zefania, kifua kimetulia? Mimi mzima. Baridi inakuja polepole, majani yamegeuka mekundu, na watu wa huku wanaendesha magari mwendo mrefu kwenda kuyatazama, kama sisi tunavyokwenda kumwona mtoto mchanga.

Kazi ni ileile, kuosha vyombo katika bwalo la wanafunzi pale chuoni College Park. Mashine ndiyo inayoosha, mimi naitazama. Mvuke ukipanda sioni mtu wala ukuta, na humo ndimo ninamosomea. Kila asubuhi kwenye basi nakariri ukurasa mmoja wa kamusi, na mchana maneno yananirudia mvukeni, moja baada ya jingine, kama watu wanaopita njia bila haraka. Nimekutana na shubaka, kile kijidirisha cha ukutani kisichotokea nje. Nimekutana na lepe, lile la usingizi, nikakaa nalo siku nzima. Nimejifunza kwamba mgongo wa kiganja unaitwa kingaja. Miaka arobaini na mbili nakitembeza kingaja na hatujatambulishana.

Utauliza haya yote ya nini. Ni mchezo, Mama Mdogo. Kila Jumamosi tunakutana kwa Candide, dada mmoja wa Bujumbura anayeishi ghorofa ya chini yangu, tunapanga vibao vya herufi kwenye ubao wa miraba hadi vizae maneno. Vibao vimetengenezwa kwa ajili ya Kiingereza, na Kiingereza ni bahili wa A. Ikabidi tuunganishe seti mbili, na zile X na Q tukazigeuza mgongo na kuziandika K kwa kalamu. Mshindani wangu ni Kibet, kijana wa Eldoret, anasomea uhandisi na anakariri kama kasuku. Mwaka mzima sijamshinda.

Shida yetu kubwa ni kukubaliana Kiswahili ni kipi. Kamusi yangu Kibet haitambui, ya kwake siitambui mimi, na Candide anasema kwao walizungumza bila kitabu na walielewana. Kwa hiyo tuna sheria. Neno likibishaniwa, anaandikiwa mtu mmoja wa nyumbani, aeleze maana yake bila kudokezwa. Akiieleza sawa na ile aliyoiandika mchezaji kwenye karatasi iliyofungwa, limepita. Hadi jibu lifike, ubao unafunikwa kitambaa na kuwekwa juu ya kabati, na hakuna anayeugusa.

Jana niliweka neno lelembe.

Niliweka kwa kujiamini, kama mtu anayeweka maji. Kibet akaliangalia upande huu, akaliangalia upande ule.

"Buda, hii umeitoa wapi?"

Nikamwambia ni neno la kawaida, alilitumia mama yangu.

"Mamako alikuwa anakutania. Ama ni Kinyakyusa hicho."

"Kinyakyusa nakijua. Hiki si chenyewe."

"Basi hakipo popote, mzee wangu. Toa hizo E zako pole pole."

Candide, aliyekuwa anapiga pasi sare za watoto, akasema bila kugeuka, akituita akina baba kama wanavyoita kwao, "Muache kugombana, mapapa. Kuna mama wa huko anayeweza kuulizwa? Mumuandikie."

Ndiyo hivyo ukateuliwa. Nyumba yetu ya Tukuyu uliijua kabla yangu, na mama alikuwa dada yako kabla hajawa mama yangu.

Nilicheka pale mezani. Lakini nilipopanda ngazi kwenda kwangu nikaanza kulitafuta neno hili kichwani, na sikulikuta kwa mtu mwingine yeyote. Si kwa mwalimu, si redioni, si kwa dada yangu Sikujua. Kwenye kamusi nilifika lelemama, na baada ya hapo wanarukia mambo mengine. Ninalisikia kwa sauti moja tu, na sauti yenyewe, tangu mwaka juzi, inazidi kufifia. Unajua kwa nini sikuja kumzika, karatasi zangu zilikuwa bado. Kwa hiyo nauliza mimi, achana na Kibet: lilikuwa neno la watu, au lilikuwa letu?

Nimeruhusiwa kusema kwamba alilitumia kwenye veranda ya Tukuyu, na kwamba akilitamka tulinyamaza. Hapa chini palikuwa na mistari miwili zaidi. Kibet ameketi mkabala nami hapa kwa Candide ninapoandika, na ameifuta kwa wino wake mwenyewe, ndiyo maana karatasi imetoboka.

Basi nikupe habari za hali ya hewa, maana hizo hazijakatazwa. Leo mvua imenyesha tangu asubuhi, sasa imekatika. Nje hakuna aliyetoka bado. Maji yanadondoka kutoka kwenye paa la maegesho, tone moja, halafu unasubiri, halafu jingine. Watoto wa Candide wamesimama dirishani na viatu mkononi. Mama yao ameinua pasi na hajaishusha. Hata Kibet hasemi. Hakuna aliyetuambia tukae kimya, tumekaa tu, kila mtu anangoja asichokijua. Basi, ni hali ya hewa tu.

Ukinijibu, andika maana kwa mkono wako mwenyewe, na neno ulilisikia wapi. Kama hulijui, sema hulijui. Usinihurumie, ila andika polepole.

Nisalimie Baba Mdogo, Clement na mkewe, Sikujua akipita, na Wambura wa dukani, mwambie redio yake sijaisahau. Mungu akulinde goti, na paa lako lisivuje mvua zikianza. Mimi ni mwanao, mwenye mapenzi mengi na maswali mengi kuliko hayo,

Lusekelo

N.B. Kibet amesoma barua yote. Aya ya hali ya hewa ameisoma mara mbili, akanitazama, akaiacha. Amedai jambo moja tu, kwamba kwa ajili ya haki Jaji aelezwe matokeo. Mfuko wa herufi ulikuwa mtupu, lelembe lina alama kumi na nne, na yeye alikuwa mbele kwa sitini na moja.