Sauti ya Floribert kwenye ekrani nyeusi

Mpendwa Mama Monique, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana siku hiyo tunamaliza matanga ya mume wangu Floribert, na mdogo wake Apollinaire atakuja kuchukua ordinatere, yaani kompyuta, ya marehemu, na humo ndani kuna sauti yake, maneno aliyojirekodi akiwa mgonjwa kwa ajili ya mtoto wetu Gracia, ambaye amezaliwa baba yake akiwa tayari kaburini na hajawahi kumsikia. Apollinaire anataka kuipeleka kwenye duka lake la kupiga fotokopi, huko wataifuta yote waanze upya, na juzi alisimama mlangoni kuidai kama mali ya familia yao, akaniambia, "Shemeji, ile mashini njo ya famii. Kisha matanga tutaibeba." Nguvu ya kubishana na watu wa mume wangu sina.

Shida ni kwamba tangu umeme ulipokatika ghafla, ordinatere hiyo haionyeshi tena vipicha vya kubonyeza, inaleta ekrani nyeusi tu, kioo kisicho na picha, na kungoja uiandikie amri, na avenue yetu nzima, mtaa wote huu, inajua kwamba amri hizo mimi nimezisomea parokiani kwa mwalimu wetu Papa Kalenga, cheti kimetundikwa sebuleni, wananiita Mama Ordinatere, ila ukweli ambao sijamwambia mtu ni kwamba umeme ulikuwa haupatikani, kwa hiyo Papa Kalenga alikuwa anaandika amri ubaoni na sisi tunaitikia kwa pamoja kama katekisimu, ls ni kuorodhesha, cp ni kunakili, mv ni kuhamisha, rm ni kufuta, tukazijua kwa kichwa mpaka tukawa tunaziimba tukisonga bukari, ugali wetu wa huku, na mashini yenyewe tuliigusa siku ya kupiga picha na vyeti. Jana nilijikaza nikaandika ls, majina yakashuka, nikaona "gracia", jina aliloipa rekodi ile, nikazima. Naogopa, mama. Sijui baada ya cp kinatangulia nini, na Papa Kalenga alisema ukikosea, mashini haikuulizi mara mbili. Kumwuliza mtu naona haya. Nifanye nini?

Christiane, Lubuye

Christiane mwanangu, pole sana. Nimekupitisha mbele ya wenzako wote walioniandikia kwa sababu Jumamosi yako haingoji.

Sasa nikugombeze. Amri unajua kuziimba, kuzitumia hujui, na hilo si kosa lako wala la Papa Kalenga, ni la umeme. Kosa lako ni kulinda cheti cha ukutani wakati sauti ya mumeo inakwenda kufutwa, eti unaona haya. Haya ya nini? Nani kati ya hao wanaokuita Mama Ordinatere atakusaidia kumlea Gracia?

Baada ya cp kinatangulia kile unachonakili, ndipo kinafuata mahali unapokipeleka, na kwako itakuwa flashi, kile kijiti cha kuhifadhia kinachochomekwa pembeni. Lakini usifanye peke yako. Flashi kwenye ekrani nyeusi haifunguki yenyewe, ina amri yake ya kuiunganisha, na naona haikuwemo katika wimbo wenu. Kesho asubuhi tafuta fundi aliyeizoea kazi hiyo, umwambie wazi kwamba ulijifunzia ubaoni na hujui. Kaa karibu yake. Akishanakili, mwombe aandike ls upande wa flashi uone jina kwa macho yako, kisha isikilizeni kwenye mashini nyingine mpaka mwisho. Utalia. Lia, lakini safari hii usizime. Na rm asiiandike mtu.

Halafu kuna huyu Apollinaire. Nimesoma barua yako yote, sijaona mahali ulipomwambia kwamba sauti ya kaka yake imo humo. Unamwogopa kwa jambo asilolijua. Mwambie leo, mbele ya mkubwa mmoja wa famii. Huenda atakubali kungoja, huenda atakataa, hilo siwezi kukuahidi. Mashini ataichukua tu, wewe iache iende.

Ila ukinyamaza mpaka Jumamosi, siku Gracia atakapokuuliza baba yake alikuwa anaongea namna gani, usije ukamjibu kwamba ni baba mdogo aliyemfuta.

Mama Monique