Jina la Suzanne

Jumatatu, 4 Septemba 2023

Siku ya kumi na moja na Sumaya hajapiga simu. Mke wangu si mtu wa kunyamaza! Hata akininunia, huitikisa nyumba nzima kwa kugongesha masufuria. Yuko Uarabuni, kazi za ndani, mwaka wa pili sasa. Alienda baada ya nyavu zetu kuibwa ziwani, nikabaki kutengeneza mota za mitumbwi ya wengine na kulipwa ndagala, vidagaa vya ziwani. Huwa nawaambia watu nilimruhusu tu. Uongo. Nilimsukuma.

Jumanne, 5 Septemba

Amepiga! Simu ya kuazima, sauti ndogo. Bosi wake kamchoma mkono kwa pasi. Ametoroka, yuko ubalozini—ubalozi wa Burundi.

Wa Burundi, naam. Sumaya wangu, mzaliwa wa mji wetu huu wa Baraka, Kongo, alisafiri kwa karatasi za Suzanne, rafiki yake Mrundi wa kambi ya wakimbizi ya Lusenda. Wakala aliyemtafutia kazi alisema paspoti ya Kongo itachelewa. Suzanne akatoa cheti chake cha kuzaliwa, paspoti ya Burundi ikatoka kwa jina lake, picha ikawa ya Sumaya. Tulicheka siku ile! Anatwanga sombe, majani ya mihogo, namwita "Suzanne!", haitiki, tunacheka tena. Wajinga wakubwa.

Sasa ubalozi unataka ndugu wa Suzanne ajibu maswali. Asipopatikana, Sumaya anarudishwa kwa bosi.

Ijumaa, 8 Septemba

Baada ya sala, Lusenda kwa pikipiki. Suzanne aliposikia, akaketi chini palepale kando ya mihogo yake.

"Baba Nuru," akaniita, "Alhamisi inayokuya niko na rendez-vous ya Canada, banatuuliza maswali ya kutuhamisha kule. Myaka munane natazamia. Bakiona Suzanne ingine iko Uarabuni, mi nitakuwa nani?"

Nikajibu vibaya. Nikamkumbusha vitenge alivyotumiwa na Sumaya. Vitenge! Albert, mume wake, hakupandisha sauti. Aliniambia tu nichukue pikipiki yangu.

Jumamosi, 9 Septemba

Mama mkwe kaja. "Mutoto yangu ananyamaza juu ya nini?" Nimesema mtandao. Sijala.

Jumanne, 12 Septemba

Suzanne amekuja mwenyewe, asubuhi, peke yake! Sumaya ndiye aliyempa nafasi mezani pake sokoni, Suzanne alipofika kutoka Burundi hana kitu. "Nitawajibu," kasema, "kisha usikuye tena Lusenda."

Saa nne ubalozi ukapiga simu yangu. Akasema yeye ni dada mtu. Baba? Fabien. Kilima alichozaliwa? Akakitaja. Nani alimbatiza? Akajibu, machozi yanamtoka—maisha yake mwenyewe, anayasimulia kama ya mwingine. Kisha afisa akauliza jina lake yeye. Suzanne akaishusha simu kidogo. Akanitazama.

"Sumaya," akasema.

Nilidhani yamekwisha. Afisa akaendelea: vizuri, ndugu aende Bujumbura, asaini mwenyewe kumpokea. Alhamisi, saa tatu. Si Ijumaa. Alhamisi, siku ya Canada!

Nikasema niende mimi. Hapana, wanamtaka aliyejibu.

Suzanne hakulia tena. Kaomba maji, kanywa, kakaa. Mimi nimekwenda kuswali Adhuhuri nikaomba mwanamke wa watu akose Canada. Nimeomba kwa moyo wote, kisha nikaona haya hata kukunja mkeka.

Albert amefika kumchukua. Wako uani, Kirundi cha haraka haraka. Mara Albert akageukia Kiswahili ili nisikie vizuri: mukimbizi akivuka kurudi kwao, kambini banamufuta kwenye orodha, ye na batoto. Ni kweli. Ningekuwa yeye, ningemfungia mke wangu ndani.

Lakini sikumfungia wangu.

Suzanne ameingia sasa hivi, naandika mbele yake. Anauliza gari ya Uvira, njia ya kwenda Bujumbura, inatoka saa ngapi. Albert amesimama mlangoni, mikono kwenye miimo yote miwili, hapishi mtu—